Meno Yaliyoitwa Nailoni

Dada yangu alifika kwangu Nguvumali asubuhi moja akitokea Moa, mwanawe wa miezi saba, aliyeanza kuharisha usiku, mgongoni, akaniuliza kama mtoto apelekwe kung'olewa meno ya nailoni. Nikasema, "Mpeleke." Nilikuwa nimesimama mlangoni nafunga vifungo vya shati la kazi. Sikuketi kufikiri, wala sikumwomba amshushe mtoto nimtazame. Katika maneno yote niliyopata kuyasema maishani, na nimesema mengi ya kipuuzi, hilo moja ningelipewa nafasi ya kulirudisha kinywani ningelirudisha.

Aliniuliza mimi kwa sababu mbili. Kwanza, mimi ni mjomba. Kwetu, watu wenye asili ya Kidigo, mtoto ana baba yake, lakini jambo likiwa zito neno la mjomba ndilo linalotafutwa. Shemeji yangu alikuwa amesema huko Moa kwamba hataruhusu mwanawe atiwe chuma mdomoni mpaka mjomba aridhie. Pili, mimi nilisoma. Nilifika kidato cha nne, dada yangu akaishia darasa la saba, na tangu hapo kila karatasi iliyoingia katika ukoo, iwe ya dawa au ya serikali, ililetwa kwangu niisome na niseme maana yake. Nilipenda hivyo. Nilizoea kuwa na jibu.

"Wako alitolewa, kaka," aliniambia. "Na akapona. Nimemkuta sasa hivi uani anafukuza kuku."

"Alipona," nikasema.

"Basi nataka nisikie kwako. Nimpeleke, au nirudi naye?"

Hapo ndipo niliposema lile neno.

Ili mtu aelewe kwa nini lilinitoka kirahisi, lazima nirudi nyuma mwaka mmoja na kidogo, kwenye ugonjwa wa binti yangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya shida. Sukari ilipatikana kwa kadi, na mwenye kadi naye hakuwa na hakika. Sabuni ikifika dukani, habari ilitangulia mitaani, na foleni ilikuwa ndefu kabla mwenye duka hajafungua mlango. Tulikula unga wa njano tukiulaumu, kisha tukaulilia ulipokosekana. Mimi nilikuwa mkaguzi katika kiwanda cha kamba za katani. Wiki mbili mitambo hufanya kazi, wiki moja imesimama kwa kukosa mkanda au mafuta.

Katika kiwanda kile hapakuwa na neno lililochukiwa kama nailoni. Wazee waliokaa kwenye mitambo tangu ujana walilitaja kama mtu anavyomtaja mgoni wake. Nailoni ndiyo iliyotushushia bei ya katani duniani. Nailoni ndiyo iliyofanya mashamba ya mkonge, yaliyokuwa yakienda mpaka jicho linachoka, yaachwe yaote vichaka. Wengine walidiriki kuchanganya nyuzi za nailoni katika kamba na kuziuza kama katani tupu, na kazi yangu mimi ilikuwa kuwakamata. Njia ilikuwa ya moto. Unachambua nyuzi chache, unaziwashia kiberiti. Katani huungua kama karatasi na kuacha jivu. Nailoni huukimbia moto, hujikunja, huyeyuka, kisha hudondosha tone ambalo likipoa huwa gumu kama shanga. Kwa ajili hiyo nilipewa kiberiti cha kiwanda, wakati ambapo majirani zangu walikuwa wakiazimana makaa. Kilikaa katika mfuko wa shati langu kila siku ya kazi.

Ndani ya miaka hiyohiyo likaja neno jipya mitaani: meno ya nailoni. Sijui lilitokea wapi. Lilifika kama vitu vyote vya wakati ule vilivyofika, bila mwenyewe. Ilisemwa kwamba watoto wachanga siku hizi wanaota, ndani ya ufizi, meno yasiyo ya binadamu, meupe, laini, na kwamba hayo ndiyo yanayoleta homa na kuhara mpaka mtoto anakwisha. Hospitali haiyajui. Ukimchoma mtoto sindano hali yanamo, anakufa. Dawa ni kuyatoa.

Leo mtu anaweza kucheka. Lakini sisi wa Tanga tulikuwa tumeshaona nailoni ikila kazi zetu na mashamba yetu, na haikuwa vigumu kusadiki kwamba sasa imeingia katika fizi za watoto.

Binti yangu aliharisha akiwa na miezi minane. Zahanati haikuwa na dripu. Muuguzi alimwambia mke wangu achanganye maji, chumvi na sukari, kisha akajikumbusha mwenyewe kwamba sukari hakuna, akasema basi mpe maji ya mchele na madafu, mpe kidogokidogo, hata akitapika usiache. Mke wangu alifanya hivyo siku tatu, kijiko kwa kijiko, mchana kutwa. Siku ya tatu kuhara kulikuwa kumepungua. Macho ya mtoto yalikuwa yamerudi. Lakini ufizi wake wa chini ulikuwa umevimba pande mbili, panapoota chonge, na mama mkwe wangu alipopitisha kidole akasema, "Haya hapa. Mnampa maji ya mchele, na nailoni imelala ndani."

Tulimpeleka kwa bibi mmoja upande wa Mabawa aliyesifika kwa kazi hiyo. Nilimshika kichwa binti yangu mwenyewe, kati ya magoti yangu. Bibi alikuwa na spoku ya baiskeli iliyonolewa ncha, akaipitisha motoni, akachokonoa. Sitaeleza zaidi ya hapo. Vilitoka vitu viwili vidogo, vyeupe kama maziwa, mithili ya punje ya mchele iliyolowa. Akaviweka katika kiganja changu.

"Wewe si wa kiwanda cha kamba?" akaniuliza. "Basi tazama. Unaijua nailoni kuliko mimi."

Nikaviminya kwa kucha. Vikabonyea. Jino halibonyei, kila mtu anajua jino halibonyei. Nikasema, mbele ya wanawake wawili waliokuwa wakingoja zamu na watoto wao, "Hili si jino kweli." Yule bibi akaitikia kwa kichwa, kama mwanafunzi wake amepata swali. Bibi alisugua chumvi kwenye vidonda, tukaondoka. Vile vitu nilivitia katika kichupa tupu cha vidonge nikavipeleka nyumbani.

Mtoto akapona. Angepona hata tusingekwenda. Alikuwa ameshapona nusu kwa yale madafu. Hilo nalijua sasa. Wakati ule sifa yote ilikwenda kwenye spoku.

Na mimi nikawa shahidi. Nilikipeleka kichupa kiwandani, nikakizungusha wakati wa chai. Mmoja katika mafundi, mtu wa maskhara, akasema sasa kiwanda kimepata malighafi, tuwaombe wake zetu wazae kwa wingi tusokote kamba. Wakaniita Baba Nailoni. Nilijifanya nimeudhika, lakini jina lilinikaa vizuri. Watu walinifuata mpaka nyumbani kuniuliza, na niliwajibu wote kwa sauti ya mtu aliyechunguza. Hakuna hata mmoja aliyesema, "Si una kiberiti?" Na mimi mwenyewe, niliyeichoma nailoni kila siku ili kuijua, sikuwahi kufikiri kuichoma ile.

Kwa hiyo dada yangu alipouliza, jibu lilikuwa limeshapikwa. Zaidi ya hayo, niliiacha zamu yangu nikamsindikiza mwenyewe Mabawa. Safari hii bibi hakunihitaji nimshike mtoto. Dada yangu alimshika. Mimi nilisimama dirishani. Vilitoka vinne, viwili juu na viwili chini, maana bibi alisema huyu amejaa. Damu ilikuwa nyingi kuliko ya binti yangu. Dada yangu akanitazama, nikamwambia ndivyo inavyokuwa.

Huyu alikuwa katika siku ya kwanza ya kuhara, wala si ya tatu. Alikuwa hajapewa kitu. Tuliporudi nyumbani mke wangu alichemsha mchele, akamimina maji, akaja na kijiko. Mtoto hakupokea. Kila kijiko kilipogusa mdomo alipiga kelele na kugeuza uso. Ziwa pia alilikataa. Alilifuata kwa njaa, akilishika tu analiachia, kwa kuwa kinywa kizima kilikuwa kidonda. Madafu yalikuwapo. Maji ya mchele yalikuwapo. Hapakuwa na njia ya kuyapitisha. Siku ya pili tulimpeleka hospitali, wakahangaika kutafuta mshipa. Siku ya nne akafariki.

Tulimzika Moa. Wazee walisema ni mapenzi ya Mungu, na nikaegemea maneno hayo kama mtu aegemeavyo ukuta. Watu walipotawanyika dada yangu aliniita pembeni, nyuma ya nyumba, penye mtungi.

"Kaka, yalikuwa nailoni kweli?"

"Yalikuwa," nikasema. "Ila tulichelewa."

Ningeweza kusema sijui. Lingetosha. Hata mtu ambaye hakusoma huruhusiwa kusema sijui. Yeye akayapokea maneno yangu, na kwa miaka saba akabaki akiamini kwamba mwanawe alikufa kwa sababu yeye, mama yake, alichelewa kumleta kwangu. Nilimwachia mzigo huo. Nilimwona ameubeba kila alipokuja mjini, na sikuutua.

Kisha mambo yakafunguliwa. Maduka yakajaa, sabuni za kila rangi, sukari mtu anunue kiasi anachotaka. Mitumba ikafika kwa marobota. Na nailoni ikaingia yenyewe kwa mlango wa mbele, kamba, mifuko, magunia, nyavu, ya rangi ya samawati na ya kijani, ikaning'inizwa madukani nje bila aibu. Kiwanda chetu kikafungwa. Walitukusanya uani wakatusomea barua, na nikarudi nyumbani nikiwa bado na kiberiti cha kiwanda mfukoni.

Binti yangu alikuwa ameingia mwaka wa kumi. Meno yake ya utoto yalikuwa yakibadilika, na chonge za chini zikawa zinaota. Ya kushoto ilitoka imepinda, ya manjano, ina mashimo kama jiwe la matumbawe. Ya kulia ilitoka nusu. Wenzake shuleni walimwita Kibogoyo, naye akaanza kucheka mkono ukiwa mdomoni. Nikampeleka hospitali kwa daktari wa meno. Alikuwa mwanamke kijana, Msambaa, mwenye kusema polepole. Alimtazama mtoto kwa dakika moja tu.

"Shikamoo mzee," alikuwa ameshaniamkia, lakini sasa akanigeukia upya. "Huyu alitolewa nailoni?"

Nikasema ndiyo. Hakunigombeza. Nadhani alikuwa amewagombeza wengi akachoka. Nikamwuliza hilo lina uhusiano gani na chonge za leo, ikiwa kilichotolewa kilikuwa kitu kingine. Akavuta kiti.

Aliyonieleza nayakumbuka karibu neno kwa neno, kwa kuwa niliyarudia moyoni njia nzima. Alisema jino halianzi gumu. Linaanza kama kitu laini ndani ya ufizi, na ulaini huo ni protini. Chembe hai zinajipanga safu mbili zikitazamana. Safu moja inashona kitambaa cha protini, kisha madini yanaingia katika kitambaa kile na kukikaza. Hiyo ndiyo dentini, mwili wa jino. Kitambaa hakiondoki. Kinabaki humo milele.

"Mzee umepata kujenga nyumba ya udongo?" aliniuliza. "Fito unazifunga, unakandika, fito zinabaki ndani. Dentini ni hivyo."

Safu ya pili inajenga ganda la juu, lile jeupe linalong'aa, enameli. Nayo inaanza na protini, laini kama jibini, lakini protini hii ni kama mbao za kumwagia zege. Inashika umbo mpaka madini yakomae, kisha inavunjwavunjwa na kuondolewa, mpaka inabaki kidogo sana. Ndiyo maana enameli ni ngumu kuliko kitu chochote mwilini. Na kazi ikiisha, zile chembe zilizojenga zinakufa. Hazirudi. Dentini hujitengenezea kidogo ikiumia, maana wenyewe wa kuitengeneza wangali ndani. Enameli ikiharibika katika kujengwa, imeharibika.

"Sasa mtoto wa miezi minane," akasema, "chonge yake ya utoto bado iko ufizini, nusu protini, nusu madini. Ukiitoa utaiona nyeupe na laini. Utaibonyeza, itabonyea. Na nyuma yake, karibu sana, chonge ya ukubwani imeanza kujengwa. Spoku haichagui."

Shuleni tulichora jino kwa penseli, enameli, dentini, na uwazi wa ndani, kila kimoja na mstari wake, na nilipata alama zote. Tulichora jino lililokwisha. Hakuna aliyetuambia kwamba lina utoto wake, na mimi sikuuliza.

Binti yangu, ambaye tulidhani hasikilizi, akauliza, "Kwa hiyo nilikuwa nina meno ya kweli?"

"Ya kweli kabisa," daktari akamwambia.

"Baba anayo kwenye chupa," akasema.

Nilipofika nyumbani nilikitoa kichupa juu ya kabati. Vile vipande viwili vilikuwa vimekauka, vimekuwa vidogo, vya rangi ya pembe. Nikaenda uani, mchana, mke wangu akifua karibu. Nikakishika kimoja kwa kibanio, nikawasha kiberiti kilekile. Nilifanya kama nilivyofanya miaka yote kiwandani.

Hakikukimbia moto. Hakikuyeyuka. Hakikudondosha tone. Kiligeuka cheusi, kikafuka, na harufu iliyotoka ilikuwa ya kwato inapochomwa, ya nywele zinapoungua. Mke wangu aliinua kichwa kwenye beseni.

"Unachoma nini?" akauliza. "Kinanuka kama mtu."

Kilichukua muda mfupi kuliko kufunga vifungo vya shati.

Wiki ile nilikwenda Moa. Dada yangu alikuwa barazani anasuka ukili. Alikuwa amepata watoto wengine wawili wa kike. Nilimweleza yote, kuanzia kwa daktari, nikarudi mpaka siku ya mazishi na jibu nililompa pale penye mtungi. Nilimwambia hakuchelewa. Nilimwambia mtoto alikuwa na meno yake mwenyewe, na kilichomwua ni kushindwa kunywa. Hakuacha kusuka.

"Siku ile ya binti yako," akasema, "ulipoiminya ikabonyea, ulidhani ni nini?"

"Nailoni."

"Na kazini kwenu mliijuaje nailoni?"

Alikuwa anajua. Nilikuwa nimemsimulia mara nyingi, kwa majivuno.

"Kwa moto."

"Kiberiti ulikuwa nacho?"

"Nilikuwa nacho. Mfukoni."

Aliusuka ukili mpaka ukafika kwenye goti lake, akaukunja, akaufunga.

"Ningekusamehe usingekuwa unajua," akasema. "Chakula kiko tayari, kaka. Kula ndiyo uondoke."

Nikala. Alinipakulia mwenyewe, akanitia samaki mkubwa, kama anavyotiliwa mgeni.

Hakunitukana wakati wowote. Tukikutana misibani hunisalimu na kuniulizia hali ya wifi yake. Lakini binti yake mkubwa alipoposwa, posa haikuletwa kwangu; ilipelekwa kwa binamu yetu wa Mabawa, na yeye ndiye aliyeulizwa, na yeye ndiye aliyejibu. Mimi nilipata kadi ya mwaliko, kama jirani. Wa pili alipoolewa nilisikia baada ya harusi. Sasa wana watoto wao, nami sijui majina ya wote.

Binti yangu ameshakuwa mtu mzima na bado hucheka mkono ukiwa mdomoni. Kile kipande cha pili kimo ndani ya kichupa. Neno lile la mlangoni liligharimu uhai wa mpwa wangu wa miezi saba, ambaye ningeweza kumwokoa kwa njiti moja ya kiberiti. Mimi lilinigharimu dada yangu wa pekee, anayeishi mwendo wa saa chache kutoka hapa, na ambaye hataniuliza tena jambo lolote.